Maduka Yaliyofungwa Kwenye Barabara Kuu



Katika taarifa ya mwaka huhesabiwa fedha iliyoingia na iliyotoka. Katika ukurasa huu twataka kuhesabu jambo jingine: maduka ya Wahindi yaliyofungwa katika miji ya Kenya baada ya mwaka 1967, na mafunzo yaliyobaki nyuma ya milango ile.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, biashara iliifuata. Alidina Visram, mzaliwa wa Bara Hindi aliyefariki mwaka 1916, alieneza maduka yake tangu pwani hata Uganda, na wengi wakafuata nyayo zake. Mwaka 1924 reli nyingine ilifika Eldoret, kisha ikaendelea kwa njia ya Turbo, Lugari na Webuye, iliyoitwa Broderick Falls wakati ule. Mashamba ya nyanda hizi yalitengewa Wazungu. Tangu tamko la Lord Elgin la mwaka 1908, Mhindi naye hakugawiwa shamba humo. Basi riziki yake akaitafuta mjini, nyuma ya meza ya duka, akiuza chumvi, sukari, mafuta ya taa, majembe na nguo.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mema. Wazee wetu walinung'unikia bei na mizani, na manung'uniko yao yalikuwa na sababu. Tena sheria ya kikoloni ilizuia mfanyabiashara kumdai Mwafrika mahakamani deni lililozidi shilingi 200, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ilisemwa kuwa ni kumlinda. Kumbe ilimfungia njia. Mhindi alipokea bidhaa kwa ahadi kutoka kwa jamaa yake mwenye duka la jumla, akalipa baada ya kuuza. Mwafrika alitakiwa fedha mkononi kabla ya kuanza.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, waliokuwa na haki ya kuomba uraia walipewa miaka miwili. Wengine waliomba, wengine walisita, wakashika pasi za Uingereza. Mwaka 1967 ilipitishwa sheria ya leseni za biashara, iliyowazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara nje ya sehemu fulani za miji mikubwa bila idhini. Mwaka 1969 wengi walinyimwa leseni wakaamriwa kufunga. Na huko Uingereza, tangu tarehe 1 Machi 1968, sheria mpya iliwazuilia mlango hao hao wenye pasi zake. Hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilionyesha Waasia 176,000 hivi nchini. Ile ya mwaka 1969 ilionyesha 139,000 hivi.

Kumwingiza Mwafrika sokoni ilikuwa haki, wala hatuioneei haya. Serikali iliunda Shirika la Biashara la Taifa mwaka 1965, na mikopo ikatolewa kwa wafanyabiashara wetu. Wako waliostawi. Lakini aliyekabidhiwa funguo alikabidhiwa jengo na rafu. Imani ya mwenye duka la jumla haikuandikwa katika hati ya mauzo. Na daftari la wadeni wa mwenye duka, nani angelinunua?

Sisi wa Lumakanda twalielewa jambo hili. Mashamba ya walowezi yaligawiwa wakulima wetu kwa mikopo katika mpango wa makazi wa miaka ya mwanzo ya 1960, nasi tukajifunza kuwa kupewa mali ni jambo moja, na kuiendesha ni jingine. Tusisahau pia majirani waliochukua uraia, wakabaki, na bado wakaitwa wageni. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Waasia wa Kenya kuwa kabila la 44 la nchi.

Leo maduka ya miji yetu ni yetu wenyewe, na hakuna amri ya leseni iwezayo kulaumiwa yakifungwa. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo twawasihi wanachama wenye maduka waandike kila kinachotoka, wamlipe mwenye duka la jumla siku waliyoahidi, na kumfundisha mtoto mmoja kazi hiyo wangali na nguvu, ili siku mwenye duka atakapopumzika, mlango uendelee kufunguliwa asubuhi.