Fumbo kama Hoja: Watunzi wa Benga na Siasa za Nyanza Kusini

Atajwapo mchambuzi wa siasa, wengi wetu humfikiria mwandishi wa tahariri au msemaji wa redioni. Katika historia ya Nyanza Kusini, nchi ambayo leo imegawanyika katika kaunti za Migori na Homa Bay, maana hiyo ni finyu mno. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa miaka mingi baada ya Uhuru kazi hiyo ilifanywa pia na mtunzi wa benga, na kwamba nguvu yake ilitokana na fumbo.

Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Kisiwani Rusinga, aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Oktoba mwaka huohuo, baada ya watu kupigwa risasi Kisumu, chama cha KPU cha Oginga Odinga kilipigwa marufuku. Mwaka 1982 sheria ikaruhusu chama kimoja tu. Redio nayo ilikuwa ya serikali. Jukwaa la wazi la kupima matendo ya wakubwa likawa limefungwa.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na santuri. Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Migori. Mpaka huo wa kikoloni uliwagawa Wajaluo bila kuigawa lugha yao. Misiani alitumia wanyama wa hadithi kuwasema watawala. Ofisa aliyetaka kumshtaki ilimlazimu kwanza atamke mwenyewe ni mkubwa gani anayefanana na mnyama yule.

Hata hivyo, fumbo halikuwa ngao kamili, kwani Misiani alitiwa nguvuni zaidi ya mara moja. Kwa hiyo tusilione kuwa maficho tu. Fumbo lilimtaka msikilizaji alifumbue, na aliyelifumbua aliishika hoja kama yake mwenyewe. Wasomaji wa Muyaka bin Haji wa Mombasa hawatashangazwa na jambo hili.

Wala tusiwatukuze watunzi kupita kiasi. Sanaa hiyohiyo ilibeba sifa za wenye mali na vyeo, na mwenye kusifu kwa malipo aweza pia kunyamaza kwa malipo. Tena muziki wenyewe ulikuwa njia ya kujulikana: Oluoch Kanindo, aliyetengeneza na kuuza santuri nyingi za benga, baadaye aliingia Bungeni.

Vyama vingi viliporuhusiwa tena Desemba 1991, na baadaye vituo binafsi vilipoanza kutangaza kwa Kijaluo, mchambuzi aliweza kuwataja watu kwa majina yao. Misiani aliendelea kutunga mpaka alipofariki katika ajali ya barabarani, Kisumu, tarehe 17 Mei 2006.

Kwetu sisi wa idara za lugha, jambo la kutia wasiwasi ni hili. Santuri yaweza kuhifadhiwa na maneno yake yakanukuliwa, lakini mnyama wa mwaka fulani alikuwa nani hufahamika kwa waliousikia wimbo wakati wake, na hao wanapungua. Yafaa basi kila wimbo ukusanywe pamoja na mwaka wake, tukio lake na tafsiri za wasikilizaji wake, hata zikipingana. Tusipofanya hivyo, wajukuu watarithi hadithi za wanyama, na hoja za wazee wao kuhusu utawala zitakuwa zimepotea.