Mshahara wa haki: sheria ya jimbo na sheria ya nchi

Mwaka 1891 Papa Leo XIII alifundisha kwamba mshahara usipungukie mahitaji ya mfanya kazi. Huko Marekani, Padri Edwin O'Hara alijitahidi hata jimbo la Oregon likatunga, mwaka 1913, sheria ya mshahara wa chini kwa wanawake na watoto. Lakini sheria ya jimbo huishia mpakani, na tajiri aweza kuhamishia kazi kwa jirani anayelipwa kidogo. Basi mwaka 1938 sheria ya nchi iliweka senti 25 kwa saa, bila kukataza jimbo kuzidisha. Hata hivyo watu wa mashamba na watumishi wa nyumbani waliachwa. Walifikiriwa mwaka 1966 na 1974 tu. Ndugu, tukisifu sheria yo yote, tuulize: nani hakutajwa?