Kuta za Chokaa, Kuta za Udongo

Kwenye kisiwa cha Fort George, Florida, yapo mabaki ya vibanda 25 vya watumwa wa shamba la Kingsley. Awali vilikuwa 32, vimejipanga nusu duara, kuta zake za chokaa, mchanga na makombe ya chaza. Mwaka 1968 mwanaakiolojia Charles Fairbanks alichimba humo, wakati wengi wa wenzake bado wanashughulikia majumba ya mabwana. Alikuta mifupa ya samaki na ya wanyama wa mwituni, pamoja na risasi: watu hawa walivua na kuwinda ili kujaziliza posho. Wachimbaji waliofuata walikuta kuku mzima amezikwa ndani ya kibanda. Kuku wa kitoweo hazikwi. Hapo palifanyika tambiko.

Kisiwani Pemba, Zanzibar, kazi kama hiyo ni ngumu zaidi. Mwanaakiolojia Sarah Croucher alichimba Mgoli, shamba la mikarafuu la karne ya 19. Jumba la mawe la bwana huacha msingi. Nyumba za miti na udongo, zilizoezekwa makuti, huliwa na mvua, vikabaki vigae vya vyungu. Na chungu cha mtumwa hakitofautishiki kirahisi na cha jirani yake muungwana.

Basi ardhi ikinyamaza, watu husema utumwa wa visiwani ulikuwa wa upole: mtumwa alipewa Alhamisi na Ijumaa alime chake, na mtoto wa suria aliyezaa na bwana wake alizaliwa huru. Hayo ni kweli, lakini hoja ya upole siikubali. Zephaniah Kingsley, mwenye shamba lile la Florida, naye alisifika kwa upole. Alimnunua Anna, msichana wa Senegal, akamfanya mke na kumwacha huru mwaka 1811. Watumwa wake wakimaliza kazi waliyokadiriwa, muda uliobaki ulikuwa wao. Ila mwaka 1828 alichapisha kijitabu cha kutetea utumwa, akieleza kwamba kuwatendea watumwa wema ndiyo njia ya kuudumisha. Wema wa bwana haukuwa kinyume cha utumwa, ulikuwa sehemu ya uendeshaji wake, Florida na Pemba vilevile.

Zanzibar mgeni hupelekwa Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Inafaa aende. Lakini waliouzwa pale wakabaki visiwani waliishi miaka mingi baada ya siku ile ya mnada, wakipanda, wakichuma na kuanika karafuu, wakizaa na kuzikana mashambani. Maisha hayo yamo ardhini, nasi twayajengea juu kila mwaka. Wewe mwenye shamba Unguja au Pemba, ukichimba msingi ukakuta vigae na mkaa, usivitupe pamoja na kifusi. Simamisha jembe, waite watu wa Mambo ya Kale kwanza.