Ukifutwa kazi Kenya, unaenda ofisi gani? (UZI)

1/ Kila msimu wa siasa mjadala ni ule ule. Mmoja anasema: "Wakenya wamezoea vya bure." Mwingine anajibu: "Mheshimiwa alinilipia karo, wewe umenisaidia na nini?" Naishi Kapsoya, Eldoret, na hiyo nasikia kwa kinyozi, kwa matatu na hapa mtandaoni. Swali wote wanaloruka ni hili: nani aliamua kwamba mtu akipoteza kazi, hiyo ni shida ya jamaa na majirani zake peke yao?

2/ Kuna familia hapa mtaani, sitawataja. Baba alifanya kazi kwa kampuni moja miaka 6, akaachishwa. Mama anauza mboga. Watoto watatu, mmoja yuko sekondari. Tulifungua kundi la WhatsApp, tukachagua mweka hazina, orodha ikaanza kuzunguka: huyu 500, yule 1,000. Mwezi wa kwanza ilienda vizuri. Mwezi wa tatu watu wakaanza kutoka kimya kimya. Si roho mbaya. Ni wale wale waliokuwa wamechangia mazishi na bili ya hospitali wiki mbili kabla.

3/ Sasa historia. Enzi za ukoloni, Uasin Gishu ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi. Kibarua Mwafrika alilipwa mshahara wa kapera, mtu mmoja. Hesabu ya mwajiri ilikuwa hivi: mke na watoto wako rizavu, watajilisha kwa jembe. Kibarua akiugua, akizeeka au akikosa kazi, arudi huko huko. Yaani bima yake ilikuwa shamba la kwao na mgongo wa mkewe. Mwajiri hakuchangia hata senti.

4/ Na si kwamba Waingereza hawakuijua bima ya kukosa kazi. Kwao waliipitisha kwa sheria mwaka 1911, wakaanza na sekta chache kama ujenzi na utengenezaji wa meli. Mfanyakazi anakatwa kidogo, mwajiri anaongeza, serikali inaongeza. Wafanyakazi wa huku koloni hawakuwekewa mpango kama huo.

5/ Mwaka 1954 kamati ya serikali kuhusu mishahara ya Waafrika (ripoti ya Carpenter) ilikubali kwamba mshahara wa kapera haufai, ikapendekeza mshahara wa kutosha mtu na familia yake, ili mfanyakazi atulie mjini. Wazo zuri. Lakini mtu akishatulia mjini, shamba linaacha kuwa bima yake. Akipoteza kazi je? Hapo pakabaki wazi.

6/ Uhuru ukaja. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana: kampuni binafsi ziongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, nao wafanyakazi watulize madai ya mishahara. NSSF ikaanzishwa kwa sheria ya 1965, ya uzee. NHIF ikafuata 1966, ya hospitali. Ya kupoteza kazi? Haikuwepo. Pengo hilo likaachiwa ukoo, kanisa, chama na harambee.

7/ Harambee ilijenga shule na zahanati nyingi, tusiidharau. Lakini ikawa pia jukwaa la wakubwa kuonyesha bahasha, mpaka sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ikabidi iweke mipaka.

8/ Eldoret tunajua pengo hilo linauma vipi. Rivatex, kiwanda cha nguo cha miaka ya 1970, kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 1998, baada ya soko kufunguliwa na mitumba kujaa. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua 2007, na baadaye kikafufuliwa. Shukrani. Lakini piga hesabu: mtoto aliyekuwa darasa la kwanza 1998 alifanya KCPE 2005, kabla hata kiwanda hakijapata mwenyewe mpya. Miaka yote hiyo nani alilipa karo?

9/ Leo je? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema ukipunguzwa kazi upewe notisi ya angalau mwezi mmoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Huyo jirani, miaka 6 ni siku 90. Miezi mitatu, basi. Tena hiyo ni kama mwajiri analipa. Yeye alipewa nusu, ile nyingine anaambiwa "subiri".

10/ Hebu angalia hati yako ya mshahara. Kuna PAYE. Kuna NSSF. Kuna SHIF asilimia 2.75. Kuna nyumba asilimia 1.5. Tafuta mstari wa kupoteza kazi. Haupo. NSSF yake iko, lakini ni ya uzee. Na SHIF ndiyo kali zaidi: ukiwa na kazi unakatwa mwezi kwa mwezi, ukiikosa unahamia kundi la wasio na mshahara, na huko mchango unahesabiwa wa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Unadaiwa za mwaka wakati huna hata za mwezi.

11/ Inua Jamii? Ni 2,000 kwa mwezi, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, watoto yatima na walio hatarini, na wenye ulemavu mkali. Yeye ni mzima, yuko chini ya miaka 50. Hayumo. Ilhali Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii.

12/ "Hiyo ni ya nchi tajiri." Kwani Tanzania si jirani? NSSF yao ina fao la kukosa ajira: thuluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kama ulichangia angalau miezi 18. Afrika Kusini mfanyakazi anatoa asilimia 1, mwajiri asilimia 1.

13/ Wanaopinga wana hoja mbili nzito. Makato tayari yamezidi. Na Wakenya wengi wako jua kali, hawana mwajiri wa kuwakata: mama mboga angebaki nje. Ni kweli, na lazima zijibiwe. Lakini zijadiliwe hizo, si eti watu ni wavivu.

14/ Maana mahali pasipo na haki, fadhila inaingia. Fadhila inadai shukrani, na shukrani inadaiwa siku ya kura. Kwa hivyo mgombea yeyote, wa upande wowote, akija na bahasha ama na mahubiri ya bidii, muulize moja tu: mtu akifutwa kazi Jumatatu hapa Kapsoya, Ijumaa aende ofisi gani?