Picha Bila Jina la Kijiji: Urithi wa Mohamed Amin na Kumbukumbu za Karagwe na Kyerwa

Katika vyumba vya habari na makumbusho ya Afrika Mashariki kuna dai linalosemwa siku hizi kwa wepesi mno: picha ikishaskaniwa, imeokoka. Wanaolishikilia hutaja idadi ya negativu zilizoingizwa kwenye kompyuta, wakaishia hapo. Dai hilo lina upungufu mkubwa, na mahali pazuri pa kulipima ni Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za Kagera ambazo majina na mipaka yake imebadilika mara nyingi kuliko wapangaji wengi wa picha wanavyokumbuka.

Mwanzo wa habari yenyewe unajulikana. Mwaka 1861 wasafiri wa Ulaya, Speke na Grant, walipokewa na Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, na Grant akabaki Karagwe hadi Aprili 1862 kwa sababu ya kidonda kibaya cha mguu. Alikuwa ameanza safari na kamera, akapiga picha Unguja mwaka 1860, lakini kazi ya kusafisha picha ndani ya hema lenye joto kali ilimshinda, akageukia kalamu na rangi za maji. Michoro yake ikapita kwa wachongaji wa Ulaya kabla ya kuingia vitabuni. Basi sura ya kwanza ya Karagwe kusambaa duniani ilikuwa tayari imepita mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuiona. Enzi za Wajerumani na Waingereza zina makala zake nyingine.

Mtu anayestahili kuangaliwa hapa ni mpiga picha Mohamed Amin, ambaye wengi walimwita Mo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963, kijana wa miaka ishirini hivi. Alipiga picha na filamu za Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Mwaka 1966 akafungwa visiwani humo karibu mwezi mzima, kisha makao yake yakawa Nairobi. Picha zake za njaa ya Ethiopia za Oktoba 1984, zilizotangazwa na BBC kwa sauti ya Michael Buerk, ndizo zilizompa jina duniani. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto na kumuua mwenzake wa sauti, John Mathai. Mo alifungwa mkono wa bandia na kurudi kazini. Jina la Mathai linatajwa mara chache sana, na kila anayesimulia ushujaa wa Mo angepaswa kulitaja.

Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walikufa. Mo alikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa Brian Tetley, mwandishi aliyeandika wasifu wa Mo na maneno ya vitabu vingi vya Camerapix, kikiwemo kile cha safari ya kuzunguka Kenya ambacho picha zake zilipigwa na Mo pamoja na Duncan Willetts.

Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Siku moja ilichukua jicho lililoona na kalamu iliyoandika kilichoonwa. Negativu zilibaki Nairobi, kwenye makabati, na mwana wa Mo, Salim Amin, amezitunza kwa bidii ya kupigiwa mfano. Alitengeneza filamu juu ya baba yake, akajenga taasisi yenye jina la baba huyo, na maelfu ya picha hizo sasa zinaonekana bure kupitia Google Arts & Culture. Pale mtoto alipoweza kuokoa, ameokoa. Lakini negativu ambayo mpiga picha hakuiandikia chochote, kwa kuwa yeye na Tetley walijua kichwani ni wapi na ni nani, haikupata maelezo yake kwa kupitishwa kwenye mashine.

Tatizo linaonekana waziwazi mtu akitafuta Kagera katika hazina yoyote ya picha za magazeti. Mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la Kagera baada ya vita vya Tanzania na Uganda. Neno Kagera likiwa limeandikwa nyuma ya picha ya mwaka 1965 humaanisha mto, wala si mkoa. Kyaka ilihesabiwa Bukoba Vijijini hadi Missenyi ilipokuwa wilaya mwaka 2007. Kyerwa ilitoka Karagwe mwaka 2012, kwa hiyo picha yoyote ya zamani ya Murongo, Kaisho, Nkwenda au Isingiro itaandikwa Karagwe, ikiwa imeandikwa. Kijana wa Kyerwa anayeandika jina la wilaya yake kwenye kisanduku cha kutafutia hawezi kuzipata picha za babu yake, hata kama zimeskaniwa kwa ubora wa juu kabisa.

Ukiongeza wakimbizi, mkanganyiko unazidi. Nkwenda ilipokea Wanyarwanda miaka ya 1960. Mwaka 1994 Karagwe ikapokea wengine, zaidi ya laki moja, katika kambi kama Chabalisa, Kagenyi na Rubwera. Maelezo yanayosema "wakimbizi wa Rwanda, Karagwe" bila mwaka yanaweza kuwa ya vizazi viwili tofauti, waliokimbia watawala tofauti, na pengine waliokimbiana wao kwa wao.

Nguvu ya maelezo inaonekana vizuri zaidi Kampala, katika mgogoro ambao kila mtu wa Kagera ana haki ya kuufuatilia. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, lilifunguliwa kabati la chuma lililokuwa na negativu zipatazo 70,000, nyingi za enzi ya Idi Amin. Zilikuwa kazi ya wapiga picha wa Wizara ya Habari, watu waliokwenda na rais kila alikokwenda. Nyingi hazikuwahi kusafishwa ziwe picha za karatasi. Mwaka 2018 shirika hilo likishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Western Australia lilianza kuziskani, na Mei 2019 Makumbusho ya Uganda yakafungua maonyesho yaliyoandaliwa na Nelson Abiti, Derek Peterson, Richard Vokes na Edgar Taylor.

Ubishi ulikuwa huu. Katika picha hizo Idi Amin anacheka, anacheza ngoma, anakagua gwaride, anaogelea. Vyumba vya mateso vya Nakasero havionekani. Je, kuzitundika ukutani si kumsafisha? Swali hilo lina uzito wa kipekee Kagera, kwa sababu mtu huyohuyo, Novemba 1978, alitangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto ni ya Uganda. Askari wake walipora, wakaua, wakavunja daraja la Kyaka, na maelfu ya watu wakavuka kukimbilia kusini. Anayepinga maonyesho ya namna hiyo ana sababu, na anastahili kusikilizwa kwa subira.

Hata hivyo walioandaa waliona jambo ambalo wapinzani wao wengi walilipita. Negativu zilikuwa ndani ya bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Bahasha hiyo ndiyo inayomweleza mtazamaji kwamba kamera ilitumwa, kwamba ilikuwa kazini kwa serikali, na kwamba siku fulani ilielekezwa kwenye sherehe huku watu wakitoweka mahali pengine mjini. Ikiondolewa bahasha, Idi Amin anabaki mtu mcheshi mwenye mwili mkubwa. Bahasha ikiwepo, kicheko chenyewe kinakuwa ushahidi wa jinsi utawala ule ulivyotaka kuonekana. Waandaaji pia waliwapa nafasi waliouawa na waliopotea katika maonyesho hayo, na hapo walifanya sawa. Wanaodai kwamba picha "inajisemea yenyewe" hawana la kujibu mbele ya mfano huu.

Pengo lililobaki ni majina ya wapiga picha. Wengi wao hawajulikani, kwa sababu wizara iliandika tukio na tarehe, haikumtaja aliyeshika kamera. Kwa Mo Amin ni kinyume: jina la mpiga picha linajulikana dunia nzima, na watu walio ndani ya picha ndio wengi wao wasio na majina. Tofauti hiyo haiwezi kuondolewa na mashine yoyote.

Tukirudi Kagera, mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mahali palipopigwa picha kuliko pote katika mkoa. Mpiga picha Sebastião Salgado alikuwapo. Kambi za Karagwe, zilizokuwa mbali zaidi na barabara kuu ya kutoka Rusumo, hazikuvuta macho kiasi hicho. Desemba 1996, wiki chache baada ya Mo kufa, serikali ya Tanzania iliagiza wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Rubwera leo imo Kyerwa. Mtu mzima wa huko anakumbuka mahema ya plastiki yalisimama upande gani na kuni zilikatwa mlima upi, na kumbukumbu hiyo haimo katika faili lolote la shirika la habari.

Upande wa ufundi nao una mitego yake. Mkanda wa asetati ukikaa kwenye joto na unyevu huanza kunuka siki, hujikunja, na mwisho utando wa picha hubanduka. Kwa sababu hiyo kuskani ni kazi ya haraka, na wanaoifanya wanahitaji fedha na shukrani. Lakini faili nalo hufa. Diski huweza kuharibika baada ya miaka michache bila kunuka chochote. Kamera hulipa faili jina la herufi chache na namba, na maelezo yanayoandikwa ndani ya faili (mpiga picha, mahali, tarehe) hufutika picha inapotumwa kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, ambako pia hupunguzwa ubora. Leo mwandishi wa habari aliyeko Kayanga akituma picha ya mnada wa ng'ombe Omurushaka kwa njia hiyo, inafika Dar es Salaam ikiwa haina habari yoyote ndani yake. Mkanda wa mwaka 1978 uliowekwa ndani ya bahasha iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi ulikuwa na habari nyingi kuliko picha hiyo.

Kazi inayotakiwa sasa haihitaji mitambo mikubwa. Waliokuwa na miaka ishirini wakati wa vita vya 1978 wamevuka 65. Taasisi zenye hazina za picha, ya Mo Amin ikiwemo, zinaweza kutuma nakala za picha za Ziwa Magharibi, Karagwe na kambi za 1994 kwa watu wanaoweza kuzitambua. Kayanga kuna Radio FADECO. Lukajange kuna makao ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Shule za sekondari zipo karibu kila kata. Picha zichapishwe kwa ukubwa wa karatasi ya ofisi, zipewe namba, zibandikwe pale wazee wanapofika, na redio iwaite kwa Kiswahili na Kinyambo waje kusema wanachokitambua. Anayesema aandikwe jina kwa ridhaa yake, pamoja na tarehe aliyosema, na wawili wakipingana kuhusu mahali, yaandikwe maelezo yote mawili. Kisha majibu yarudi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, yaingizwe ndani ya faili pamoja na majina ya kale na ya sasa: Ziwa Magharibi na Kagera, Karagwe na Kyerwa, Bukoba Vijijini na Missenyi.