Kuhifadhi kazi za video: Nakala moja haimtoshi mhariri

MWAKA 1998, ndani ya studio ya Pixar nchini Marekani, amri fupi ya kufuta faili iliandikwa kwenye kompyuta mahali isipostahili. Kwa muda mfupi sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, iliyokuwa bado inatengenezwa, ilitoweka mbele ya macho ya mafundi.

Studio hiyo ilikuwa na utaratibu wa kuweka nakala rudufu kwenye mikanda ya sumaku. Balaa ni kwamba utaratibu huo ulikuwa umeharibika bila mtu kugundua, na nakala zilipofunguliwa zikakutwa na mapengo.

Kilichoiokoa kazi hiyo ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kiufundi wa filamu hiyo, ambaye wakati huo alikuwa amejifungua na akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta ilifungwa kwenye mablanketi, ikapakiwa ndani ya gari na kurudishwa studio kwa mwendo wa taratibu. Filamu ilitoka Novemba 1999.

Ikiwa kampuni yenye seva na mafundi wake ilinusurika kwa bahati ya namna hiyo, hali ya mhariri wa video anayejitegemea inaeleweka bila maelezo mengi. Huyu hufanya kazi peke yake, mara nyingi kwa kompyuta mpakato na diski ya nje moja au mbili, naye hubeba arusi, mazishi, kipaimara na mahojiano ya watu ambao pengine hawatasimama tena mbele ya kamera. Kazi ikipotea anaweza kurudisha fedha za mteja, lakini hawezi kuirudisha siku yenyewe.

Hasara nyingi huanzia katika kutofahamu mradi wa video umeundwa na vitu gani. Faili la mradi linalofunguliwa na programu ya kuhariri halina picha ndani yake. Ni mithili ya daftari la maelekezo: chukua kipande hiki kuanzia sekunde hii, kiunganishe na kile, punguza sauti hapa, weka jina la bwana arusi pale. Ndiyo maana faili hilo huwa dogo, pengine megabaiti chache tu, wakati picha zenyewe zinajaza diski nzima.

Daftari hilo pia hukumbuka kila picha ilikuwa kwenye folda gani. Mhariri anayehamisha folda au kubadili jina la diski hufungua mradi wake na kukuta skrini imejaa taarifa kwamba faili hazionekani. Kwa hiyo anayetunza faili la mradi peke yake hajatunza kitu, na anayetunza picha bila faili la mradi atalazimika kuanza kuhariri upya.

Hifadhi kamili inapaswa kuwa na picha asilia pamoja na folda zote za kadi ya kamera kama zilivyokuwa, sauti zilizorekodiwa kando, muziki, michoro, aina za herufi zilizotumika, faili la mradi, na video ya mwisho katika ubora wa juu. Faili za muda ambazo programu huzitengeneza ili kurahisisha uchezaji zinaweza kufutwa, kwani programu itazitengeneza tena.

Kuhusu mpangilio wa nakala, kanuni inayofuatwa na wengi ni ile iliyoenezwa katika miaka ya 2000 na mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mhariri hununua diski ya pili, akanakili kila kitu, kisha akaiweka diski hiyo katika mkoba uleule wa kompyuta. Mwizi hachagui, hubeba mkoba. Umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, huunguza kompyuta na diski zote zilizochomekwa kwa pamoja.

Hata wakubwa wameumia kwa njia hiyo. Machi 10, 2021, kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea kwa moto, na baadhi ya wateja wakabaini kwamba nakala zao za akiba zilikuwa katika eneo lilelile lililoungua.

Ipo pia dhana kwamba kisanduku chenye diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja ni nakala tosha. Kisanduku hicho husaidia diski moja inapokufa, lakini faili likifutwa kwa bahati mbaya linafutika kote. Huduma zinazooanisha folda ya kompyuta na intaneti nazo zina hatari kama hiyo, isipokuwa zile zinazotunza matoleo ya zamani ya faili.

Je, intaneti inaweza kuwa ndiyo mahali pengine? Hapa hesabu ndiyo mwamuzi. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutoa gigabaiti 45 kwa saa moja. Arusi iliyorekodiwa kwa kamera mbili, saa sita kila moja, ni gigabaiti 540. Kwa muunganisho unaopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kuyumba, kazi hiyo itachukua siku tano, usiku na mchana.

Na muunganisho huyumba. Mei 12, 2024, kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom kuliidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Njia ya busara kwa mhariri wa huku ni kupandisha kila jioni faili la mradi, ambalo ni dogo, na video ya mwisho kazi inapokamilika. Picha asilia zinakiliwe kwenye diski nyingine na kupelekwa kwa ndugu au rafiki wa mtaa wa mbali.

Kipindi cha hatari zaidi ni saa chache baada ya kurekodi, wakati kazi yote ingali ndani ya kadi. Kadi isifutwe mpaka nakala mbili ziwe zimethibitishwa. Kuthibitisha si kutazama idadi ya faili. Zipo programu, baadhi zikiwa za bure, ambazo hukokotoa namba maalumu ya kila faili na kulinganisha ya asili na ya nakala. Zikitofautiana, nakala ina kasoro.

Kutunza kazi iliyokwisha ni suala jingine, kwani adui wake ni miaka. Apple ilipotoa Final Cut Pro X mwaka 2011, programu hiyo mpya haikuweza kufungua miradi ya toleo la 7 lililotangulia. Mfumo wa kompyuta wa kampuni hiyo uliotoka mwaka 2017 haukuliendesha tena toleo hilo la zamani. Wahariri waliokuwa wametunza faili za mradi tu walibaki na daftari lisilosomeka. Waliotoa video ya mwisho katika ubora wa juu, moja yenye maandishi na nyingine isiyo na maandishi, waliendelea kuhudumia wateja wao.

Diski nazo huchakaa hata zikiwa kabatini. Ni vema ziwashwe na kukaguliwa angalau mara moja au mbili kwa mwaka, na kazi zihamishiwe kwenye diski mpya kabla za zamani hazijaanza kulalamika. Diski zisizo na sehemu inayozunguka ni nyepesi na zina kasi, lakini hazifai kukaa miaka mingi bila umeme. Mikanda ya LTO, iliyoanza kuuzwa mwaka 2000, hudumu zaidi, ila mashine yake ni ghali na matoleo mapya hayasomi mikanda ya vizazi vya zamani sana.

Aidha, mara moja moja mhariri achukue diski ya akiba, aichomeke kwenye kompyuta nyingine na kujaribu kufungua mradi mzima. Mikanda ya Pixar ilionekana salama hadi siku ilipohitajika.

Linabaki suala la nani analipia utunzaji huo na kwa muda gani. Mikataba mingi ya wahariri wadogo haisemi lolote, na mteja anayerudi baada ya miaka minne hudhani kazi yake ingalipo. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, nazo hazitaki taarifa za watu zitunzwe kupita muda unaohitajika. Mkataba utaje idadi ya miezi, gharama ya kuongeza muda, na tarehe ambayo mteja atakabidhiwa diski yake na kutia saini kwamba ameifungua na kuiona.