Mlingoti kwenye Gari Jeupe

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unapungua taratibu.)

 

Magari ya mashirika yakiingia kambini, watoto hukimbilia kusoma herufi zilizoandikwa mlangoni. Leo nakuomba utazame bampa la mbele. Kwenye magari mengi, hasa ya zamani, utaona fimbo ndefu inayomzidi mtu mzima kwa urefu, imepindwa kuelekea nyuma na kufungwa kwa kamba. Huo ni mlingoti wa redio. Sisemi redio kama hii unayotusikilizia. Nasema redio ya kuita na kuitikiwa, ile ambayo Tanzania watu huiita redio koli na ndugu zetu wa Kivu huiita foni. Turubai unalolalia chini yake, na gari lililombeba mama yako kwenda hospitali, huenda viliitwa kwa mlingoti wa namna hiyo.

Tuanzie Kigali, mtaa wa Nyarutarama. Wengine mmeishi huko au mmepita. Wale msiopafahamu, jifanyeni mmesimama nami kando ya kile kiziwa kidogo kilicho karibu na uwanja wa gofu. Leo ni mtaa wa watu wenye nafasi: nyumba kubwa, kuta ndefu, mabalozi na wafanyakazi wa mashirika. Lakini wewe acha nyumba, tazama vilima. Kila upande kuna kilima. Ukiwa hapa bondeni na redio ya mkononi, ile ambayo Bujumbura na Bukavu watu huiita motorola bila kujali imetengenezwa na nani, mawimbi yake yanakwenda kama mwanga wa tochi. Yanakwenda moja kwa moja, yakikuta kilima yanakoma. Mwenzako yuko Nyamirambo, mji ni mmoja, na bado hamsikiani. Labda kuwe na mtambo juu ya kilima unaoipokea sauti yako na kuirusha upya upande wa pili.

Redio ile ya mlingoti mrefu hufanya kazi kwa namna nyingine. Inatumia masafa mafupi, yale yale ya SW ambayo wazee wetu walisikilizia habari za London. Mawimbi hayo hupanda angani, yakafika kwenye tabaka lililo mamia ya kilomita juu yetu, yakagonga na kurudi chini ng'ambo ya milima. Kwa hiyo gari lililoko bondeni Nyarutarama linaweza kuongea na Nairobi huku likishindwa kusikika katika mji ulio karibu zaidi. Jambo la kuchekesha, lakini ndivyo lilivyo.

Ufundi huu haukuzaliwa kwetu. Mwaka 1929 huko Australia, fundi Alfred Traeger wa mji wa Adelaide alitengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli, ili watu wa mashamba ya mbali waweze kumwita daktari wa ndege. Katika mji huo huo wa Adelaide ndiko ilikoanzishwa, mwaka 1959, kampuni ya Codan, ambayo jina lake utaliona kwenye redio nyingi za magari ya misaada. Kwetu Afrika Mashariki Madaktari wa Ndege walianza mwaka 1957, wakiongozwa na daktari mpasuaji Michael Wood, nao wakaweka redio katika hospitali za mbali na misheni, Nairobi ikiwa kituo cha kuitia. Muuguzi wa porini alibonyeza kitufe, akaeleza hali ya mgonjwa, daktari akajibu. Simu za nyaya hazikuwa zimefika huko.

Sasa nije kwenye mwaka ambao wengi wetu hatuutaji bila kunyamaza kwanza.

(Muziki mfupi.)

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Mtu akisema redio na mwaka 1994, wote tunafikiria RTLM, iliyotaja watu kwa majina na mahali walipojificha ili wauawe. Ni kweli, na isisahauliwe. Lakini siku zile mia moja kulikuwa na redio nyingine zilizofanya kazi ndani ya Kigali, ndogo, zenye sauti ya kukwaruza.

Mwendo mfupi kutoka Nyarutarama, pale Remera, Hoteli ya Amahoro ndiyo iliyokuwa makao makuu ya kikosi cha Umoja wa Mataifa. Redio zao za mkononi zilikuwa za wazi. Yeyote mwenye chombo kama hicho aliweza kusikiliza. Msalaba Mwekundu chini ya Philippe Gaillard haukuondoka mjini. Wala Mmarekani Carl Wilkens, mkuu wa shirika la ADRA, hakuondoka. Mkewe na watoto walihamishwa, wakafika Nairobi, naye akabaki Nyamirambo akiongea nao kwa redio. Fikiria: simu zimekufa, barabara zina vizuizi, na sauti ya mke inatoka kwenye kisanduku kilichounganishwa na betri.

Kisha watu wakaanza kutembea. Tarehe 28 na 29 Aprili watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, katika muda wa siku moja hivi. Katikati ya Julai karibu watu milioni moja waliingia Goma na viunga vyake. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano; hata choo huwezi kuchimba. Kipindupindu kikaingia. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Mafundi wa redio walikuwa miongoni mwa watu waliotakiwa mapema, kwa sababu lori la maji lisilojua liende Kibumba au Mugunga ni lori linalozunguka bure.

Hapo ndipo suala la kuchagua redio lilipokuwa suala la uhai. Gari moja lilihitaji redio mbili. Ile ya mkono mfupi, VHF, kwa maongezi ya kambi na ofisi. Ile ya masafa mafupi, HF, kwa maongezi ya Ngara na Kigali, au Goma na Nairobi. Aliyeleta ya kwanza peke yake alikuwa kiziwi kila alipovuka kilima. Aliyeleta ya pili peke yake alisikia Nairobi vizuri sana, akashindwa kumwita mwenzake mwenye redio ya mkononi tu.

HF nayo ina tabia zake. Mchana hutaka masafa ya juu zaidi, usiku yashuke. Mwendeshaji asiyebadilisha masafa jua likizama anasikia vishindo tu, halafu anadhani redio imeharibika. Na ile fimbo iliyopindwa? Dereva huifunga isigonge matawi. Lakini mafundi wanajua kwamba ikiinama hivyo, hurusha mawimbi mengi zaidi juu kabisa, nayo yakirudi huanguka karibu, ndani ya kilomita mia chache. Kwa nchi ya milima kama yetu hiyo ndiyo dawa.

Kuifunga ndani ya gari ni kazi inayodharauliwa. Niliwahi kusafiri katika gari la shirika moja, sitalitaja, mvua ikiwa imekula barabara. Tulikwama jioni. Dereva, mzee wa makamo aliyeniita "mwanangu" safari nzima, akawasha redio. Taa ikawaka, tukasikia wenzetu wakiulizana tuko wapi. Akabonyeza kitufe ajibu: taa ikafifia, redio ikazima. Akarudia mara sita. Tuliwasikia wote, hakuna aliyetusikia. Tulilala pale pale, pamoja na mama aliyekuwa na mtoto mwenye homa kali.

Asubuhi trekta lilitutoa, na mchana fundi akafungua dashibodi. Umeme wa redio ulichukuliwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kwa waya mwembamba kama wa taa ya chumbani. Redio ya wati 100 ikisikiliza inakula umeme kidogo. Ikiongea inataka ampea 20 hivi. Waya ule haukuweza. Fundi akavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi karibu na betri ili waya ukigusa bati gari lisiungue. Kisha akakwangua rangi chini ya kitako cha mlingoti mpaka chuma king'ae, akafunga mkanda wa shaba kwenye bodi. Akasema, "Mlingoti bila bodi ni mguu mmoja." Akakaza kila nati, akaonya kwamba barabara ya makorongo itazilegeza tena ndani ya wiki mbili. Mtoto yule alipona, namshukuru Mungu, lakini waya ule sijausahau.

Swali ambalo vijana huniuliza: kwa nini karibu yote ni ya dizeli? Sababu ni nyingi, ila moja ni hii: injini ya dizeli haina plagi za cheche, na cheche huleta kelele kwenye redio.

Onyo moja nalisema kwa watoto wenu. Usiushike mlingoti gari likiwa linaongea. Unaunguza ngozi.

Na jingine ni la wakubwa. Maongezi ya redio hizi husikika na wengi, kama tulivyoona pale Remera. Ndiyo maana utamsikia mwendeshaji akitaja namba na herufi badala ya majina. Ukibebwa na gari la wagonjwa, au kesi yako ikipelekwa ofisi nyingine, unayo haki ya kumwambia mhudumu: tafadhali usitaje jina langu hewani, wala mahali nilipotoka. Kwa mtu aliyekimbia anayemtafuta, hilo si jambo dogo.

Turudi Nyarutarama. Mwaka 1998 simu za mkononi za MTN zilianza Rwanda, na kwa miaka mingi jengo la MTN Centre lilikuwa hapa hapa mtaani. Mwaka huo huo, mwezi Juni, mataifa yalikutana Tampere, Ufini, yakakubaliana kurahisisha kuingiza mitambo ya mawasiliano wakati wa maafa, kwa sababu shehena za redio zilikuwa zikizuiwa forodhani wakati watu wanakufa. Mkataba ule ulianza kutumika Januari 2005. Kadiri simu ilivyoenea, mafundi wengi walianza kuing'oa HF kwenye magari.

Kuna wasioiacha. Waendesha redio wa ridhaa, wanaoongea na dunia kwa kupenda tu, bado wako hewani kwa leseni. Ukisikia wito unaoanza na 9X, ni Rwanda. 9Q ni Kongo, 9U Burundi, 5H Tanzania, 5X Uganda, 5Z Kenya.

Asubuhi ya kesho, msafara ukijipanga getini, sogea kidogo usikilize kabla injini hazijapiga kelele. Chumba cha redio kitaita gari moja moja, kila dereva ataitikia, na mtu aliyeko mezani ataandika saa kwenye daftari. Gari lisiloitikia haliondoki.

(Muziki wa kufungia.)